Nauzaje gitaa la fundi ambaye jina lake halijulikani?

Shikamoo Mzee wa Nyuzi,

Mimi ni dada ninayepiga gitaa la solo. Miaka kadhaa iliyopita nilimwagiza fundi mmoja anitengenezee gitaa la umeme. Anafanya kazi peke yake, anatoa magitaa machache kwa mwaka, na nje ya wapigaji wanaomfahamu hakuna anayelijua jina lake. Mwili ni wa mkangazi, shingo imegundishwa, ubao wa vidole ni wa mpingo. Nililipa pesa nyingi na sijutii, kwani limenibeba jukwaani muda wote huo bila kunitia aibu.

Sasa bega limegoma. Gitaa lina kilo nne na ushei, na daktari ameniambia niachane na uzito huo. Jingine jepesi nimeshapata. Hili nataka liende kwa mtu atakayelipiga, na pesa zinisaidie kwenye matibabu.

Niliweka tangazo lenye picha mbili na jina la fundi. Kimya. Wachache waliopiga simu wameuliza swali lile lile: "Ni la kampuni gani?" Nikiwatajia fundi, wanasema watanipigia baadaye. Muuzaji mmoja wa vyombo vya muziki amenipa theluthi ya pesa niliyolipa. Rafiki wa bendi ananishauri nivue pikapu (vinasa sauti vya chini ya nyuzi), vikaza nyuzi na daraja (pale nyuzi zinapokalia mwilini) niviuze kimoja kimoja, kwa kuwa hivyo ni vya kampuni zinazojulikana. Mwingine, na huyu ndiye aliyenifanya nikuandikie, anasema nibandike nembo ya kampuni kubwa pale kichwani mwa gitaa, eti nani atajua? Mama naye kaniambia chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kama halinunuliki basi lina walakini. Hilo liliniuma.

Mambo mawili ya mwisho. Pikapu ya karibu na daraja niliibadilisha, ila ile ya asili ninayo kwenye droo. Niirudishe? Na je, nimwambie fundi kwamba nauza gitaa lake? Naona haya, asije akadhani nimelichoka.

Mwenye Bega Bovu

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa bega.

Naanza na la nembo, kwa sababu hilo halina mjadala. Usibandike. Kuuza kazi ya fundi mmoja kwa jina la kampuni nyingine ni utapeli, na mnunuzi akigundua ana haki ya kukudai pesa zake na kukushtaki. Na atagundua. Vipimo vya kampuni kubwa vinajulikana na kila mtu anayejali: magitaa mengi ya Fender yana urefu wa uzi wa milimita 648 na shingo iliyofungwa kwa skrubu, ya Gibson mengi yako kwenye milimita 628 hivi na shingo imegundishwa, PRS wamekaa katikati, milimita 635. Mtu akipima kutoka pale uzi unapoanzia karibu na kichwa hadi freti (vile vijichuma vya kukingama shingoni) ya 12, akazidisha kwa mbili, uongo wako umekwisha kabla hajachomeka waya. Linaloniuma zaidi ni kwamba ungekuwa umemfuta mtu aliyelifanya gitaa hilo liwe lilivyo.

Majina madogo hayabaki madogo siku zote. Paul Reed Smith, mwanzilishi wa hao PRS, alikuwa akitengeneza magitaa kwa mkono kabla hajafungua kiwanda mwaka 1985, na leo yale ya kabla ya kiwanda yanatafutwa na wakusanyaji. Doug Irwin alikuwa fundi ambaye wengi wasingemjua lau asingemtengenezea Jerry Garcia, mpiga gitaa wa bendi ya Grateful Dead. Mwaka 2002 magitaa yake mawili, Wolf na Tiger, yaliuzwa mnadani kwa jumla ya zaidi ya dola 1,700,000. Sehemu kubwa ya bei ile ilikuwa ni mikono ya Garcia, najua, na sikuahidi kwamba fundi wako atafika huko. Ila jina lisilojulikana si kasoro ya kufichwa.

Sasa mama yako. Mwambie methali yake ni ya kweli pale ambapo wanunuzi wanaijua bidhaa kwa macho. Gitaa la umeme halionyeshi wema wake kwenye picha. Anayekuuliza "ni la kampuni gani" anauliza maswali mawili kwa pamoja: nitajuaje kwamba ni zuri, na nikilichoka nitalimuuzia nani? Kwa gitaa la kampuni kubwa hana haja ya kuuliza, maana yapo maelfu yanayofanana nalo, na akitafuta kidogo anaona mengine yameuzwa kwa bei gani. Lako liko peke yake. Kwa hiyo chema chako lazima kijitembeze, na kijitembeze kwa ushahidi. Picha mbili na jina havitoshi hata kidogo.

Kabla ya kugusa tangazo, mpigie fundi. Ondoa haya. Hakuna fundi anayeudhika kusikia kwamba bega la mteja limechoka baada ya miaka ya kazi. Anayeweza kuudhika ni yule anayekutana na gitaa lake sokoni kwa bei ya kutupa bila kuambiwa, kwa sababu bei ya magitaa yake yaliyotumika ndiyo wateja wapya wanayoiangalia kabla ya kuagiza. Pia inawezekana ana mtu kwenye foleni ambaye hataki kusubiri. Magitaa ya mafundi wadogo huweza kuuzwa kwa njia hiyo hiyo, kwa simu moja, bila tangazo.

Akiwa hana mteja, mwombe vitu vitatu. Kwanza, maandishi mafupi yenye namba ya gitaa, mwaka aliolimaliza, mbao alizotumia na pikapu alizofunga. Pili, ruhusa ya kumpa mnunuzi mawasiliano yake. Tatu, muulize kama yuko tayari kumkagulia gitaa mmiliki mpya, hata kwa malipo. Hili la tatu ndilo linalolainisha mioyo. Mnunuzi anayejua kwamba aliyelitengeneza yupo na anapokea simu hana tena ile hofu ya kuachiwa chombo kisicho na mwenyewe.

Muulize pia foleni yake ina urefu gani na gitaa kama hilo leo analitoza kiasi gani, maana bei yako inaanzia hapo. Ulicholipa wewe hakimhusu mnunuzi, na najua hilo ni gumu kulikubali. Ulipoagiza, ulilipia mbao, kazi, na pia haki ya kuchagua: unene wa shingo uufuatao mkono wako, rangi uipendayo, mpangilio wa vitufe. Uchaguzi huo ulikuwa wako, na mnunuzi hawezi kukulipa kwa kuwa wewe ulipata ulichotaka. Fundi akiwa na foleni ya mwaka mzima au zaidi, gitaa lililo tayari linaweza kukaribia bei ya jipya, kwa kuwa unauza pia muda wa kusubiri. Asipokuwa na foleni, mtu ataona ni afadhali aongeze kidogo aagize lake, kwa hiyo shuka vya kutosha ili tofauti ionekane. Kisha linganisha na kitu ambacho mnunuzi angekipata kwa pesa hizo hizo kutoka kampuni kubwa, kikiwa kipya na chenye dhamana. Usipoweza kueleza kwa sentensi mbili kwa nini lako ni bora kuliko hicho, bei bado iko juu. Na unapotafuta bei za wengine, angalia zilizouzwa kweli. Bei iliyoandikwa kwenye tangazo ni matumaini ya muuzaji tu.

Sasa tangazo lenyewe, na hapa nakuomba usiwe na haraka.

Safisha kwanza. Vua nyuzi kuukuu, futa vumbi chini ya daraja na kando ya freti, pitisha mafuta kidogo sana kwenye mpingo, kisha weka nyuzi mpya za unene ule ule uliozoeleka na gitaa. Kama vitufe vya sauti vinakwaruza ukivizungusha, dawa ya kusafishia swichi za umeme huviponya mara nyingi. Kaza nati ya tundu la waya; ikiwa imelegea, sauti itakatikakatika mbele ya mnunuzi na hatasikia tena neno lako lolote. Angalia shingo: bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, utazame katikati. Panatakiwa upenyo mdogo, kama unene wa kadi. Pakizidi sana, au uzi ukilala kabisa juu ya freti, chuma cha ndani ya shingo kinahitaji kuguswa, robo ya mzunguko kwa wakati, na ukiwa huna uzoefu mpe fundi. Usipake rangi mpya, usipige msasa, usifunike mkwaruzo. Mikwaruzo ya jukwaani haimfukuzi mpigaji; rangi mbichi ndiyo inayomfanya ajiulize unaficha nini.

Picha zipigwe kwa mwanga wa mchana wa kivulini, bila flashi. Mbele na nyuma nzima, halafu sogea karibu: kichwa mbele na nyuma, na hasa nyuma ya shingo pale inapokutana na kichwa, kwa kuwa ndipo shingo za mkangazi hupasuka na ndipo mnunuzi mwerevu anapoangalia kwanza. Piga kiungo cha shingo na mwili, kwani kwenye shingo ya kugundishwa hapo ndipo ufundi unapoonekana. Piga freti kwa pembe ya chini ili mashimo yaliyochimbwa na nyuzi yaonekane kama yapo. Piga kila mkwaruzo. Kisha fungua kifuniko cha nyuma upige picha ya nyaya za ndani. Wauzaji wachache hufanya hivyo, na kwa gitaa la fundi mdogo ni picha yenye thamani kuliko zote, maana risasi iliyochomelewa vizuri na nyaya zilizopangwa humwambia mtu kwamba aliyelitengeneza alikuwa makini hata pasipoonekana.

Andika vipimo. Urefu wa uzi kwa milimita. Upana wa shingo karibu na kichwa. Magitaa mengi ya umeme yana milimita 42 au 43, na tofauti ya milimita moja mkono unaisikia. Unene wa shingo kwenye freti ya kwanza na ya 12. Kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12. Uzito halisi kwenye mizani, na usiuzungushe: andika kilo nne na ushei kwa tarakimu kamili. Wapo wanaopenda gitaa zito, na wapo wenye mabega kama lako. Hao wa pili ni heri wapite mapema kuliko walichukue halafu walirudishe. Kama una kipima umeme, andika na ukinzani wa kila pikapu. Nyingi za koili mbili husoma kama kilo-omu 7 hadi 9, zenye nguvu zaidi hupita hapo, na mtu anayejua namba hizo atapata fununu ya sauti kabla hajaisikia.

Lakini asiisikie kwa fununu. Rekodi. Jina halijulikani, basi sauti ndiyo itakayolitambulisha gitaa. Anza na sauti safi, amplifaya moja, bila mwangwi wala kikorombwezo chochote, pikapu moja baada ya nyingine, kipande kile kile cha muziki ili masikio yalinganishe. Punguza sauti kwa kitufe hadi nusu uone kama gitaa linabaki na uwazi wake. Ndipo uongeze ukali wa amplifaya. Halafu fanya jambo lisilovutia kabisa: piga kila freti ya kila uzi, polepole, kutoka chini hadi juu, uache kila noti iishe yenyewe. Hakuna atakayesikiliza yote kwa raha, ila mnunuzi wa kweli atasikiliza, na akimaliza hatakuwa na swali kuhusu freti zinazonguruma au noti zilizokufa.

Pikapu ya droo irudishe. Gitaa la fundi lina maana zaidi likiwa kama alivyolitoa, na maandishi yake yatalingana na kilichomo. Ile uliyoifunga wewe ni ya kampuni inayojulikana, kwa hiyo hiyo peke yake ndiyo unayoweza kuiuza kando bila kuumiza chochote. Kuchomelea kufanywe na mtu anayejua kazi, ukizingatia nilivyosema kuhusu picha ya nyaya.

Hapo nimeshamjibu nusu rafiki yako wa bendi. Nusu nyingine ni hii: hesabu yake ina tundu. Pikapu, vikaza nyuzi na daraja vilivyotumika huuzwa pungufu sana ya vipya, na ukishavivua unabaki na mwili na shingo ambavyo kwa mtu baki ni ubao uliochongwa. Kitu ghali kuliko vyote ndani ya gitaa hilo ni saa za fundi: kuchonga shingo, kusawazisha freti, kugundisha kiungo. Saa hizo hazivuliwi kwa bisibisi. Njia ya vipuri ina haki yake pale shingo imejikunja kiasi cha kutonyooka tena, au mwili umepasuka. Lako ni zima, na mtu fulani anaweza kulipiga miaka mingine mingi.

Kuna jambo hukuniuliza, nalo ni mpingo. Mti huo uko katika jamii ya Dalbergia, pamoja na miti mingi inayoitwa rozwudi, na tangu Januari 2017 jamii hiyo yote iko kwenye orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vinavyohitaji ulinzi. Kwa karibu miaka mitatu ilikuwa taabu kuuza gitaa lenye mbao hizo nje ya nchi. Tangu mwisho wa Novemba 2019, vyombo vya muziki vilivyokamilika vyenye mbao za jamii hiyo zilizo kwenye Kiambatisho cha II cha mkataba, mpingo ukiwemo, vimeondolewa kwenye sharti la kibali cha mkataba. Rozwudi ya Brazili, Dalbergia nigra, haimo katika msamaha huo; iko Kiambatisho cha I, chenye ulinzi mkali zaidi, tangu 1992. Ndiyo maana nakuambia upate maandishi ya fundi yanayotaja mbao kwa jina kamili. Na mnunuzi akiwa nchi nyingine, kila mmoja aulize forodha ya kwake kwanza, kwani nchi inaweza kuwa na masharti yake zaidi ya mkataba.

Yule muuzaji wa theluthi usimchukie. Anabeba hatari ya kulikalisha gitaa dukani muda mrefu. Mrudie na pendekezo lingine: alitundike ukutani kwake, liendelee kuwa mali yako, achukue asilimia mtakayokubaliana likiuzwa. Andikeni bei ya chini kabisa, muda wa makubaliano, na nani atalipia likianguka. Wapigaji wakilishika na kulijaribu, swali la kampuni hupungua nguvu haraka. Kama daktari anasubiri pesa na huwezi kungoja, nitakuelewa ukikubali pungufu, maana afya yako inatangulia gitaa. Kama unaweza kungoja, ngoja. Gitaa la aina hii linahitaji mnunuzi mmoja tu aliye sahihi, na kumpata kunaweza kuchukua miezi.

Watakuja pia watu wa kubadilishana. Kubali tu kama kinacholetwa ni kitu ambacho wewe unaweza kukiuza kesho bila shida; vinginevyo umebadilisha kibarua kimoja kwa kingine. Watakuja na matapeli: anayetaka kulipa zaidi ya bei ili umrudishie chenji, anayetuma picha ya muamala badala ya pesa, anayesema ndugu yake atakuja kulichukua na malipo yatafuata. Gitaa lisitoke mikononi mwako kabla pesa haijaonekana kwenye akaunti yako, uliyoifungua mwenyewe na kuiangalia.

Mnunuzi akiwa karibu, mkutane mahali penye umeme na amplifaya, umwache apige bila kumsemesha. Akiwa mbali, legeza nyuzi kiasi, usizivue zote, na uweke keisi ngumu ndani ya boksi kubwa. Jaza kitu laini chini na pande zote za kichwa cha gitaa ndani ya keisi, kwa sababu boksi likianguka, kichwa kinachoning'inia ndicho kinachokatika. Ukilitikisa boksi kusisikike kitu kinachosogea. Likatie bima ya thamani kamili, upige picha za kila hatua ya kufunga. Kwenye risiti andika namba ya gitaa, jina la fundi, na kila kasoro uliyoitaja, msaini wote wawili, kisha mpe mnunuzi yale maandishi ya fundi na namba yake ya simu.

Mzee wa Nyuzi